Ganda la Mjukuu

Katika jengo alilofanyia kazi Shang Yongliang, huko Bao'an mjini Shenzhen, kila mtu alikuwa bosi. Mwenye wafanyakazi mia aliitwa bosi, na aliyekuwa peke yake na kompyuta na sufuria ya umeme ya wali aliitwa bosi vilevile. Yongliang alikuwa Bosi Shang. Kampuni yake ilikuwa na watu wawili, na wa pili, Dou Wenjing, alikuwa Bosi Dou, kwa hiyo hapakuwa na wa kutumwa chakula. Walipokezana zamu.

Yongliang alizaliwa Hengyang, mtoto wa fundi wa lifti. Alisomea uhandisi, akaajiriwa kwenye kiwanda cha simu, akaacha. Baba yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe yuko Shenzhen kwenye mambo ya akili mnemba, na walipomuuliza ni mambo gani hasa, alijibu kwamba ni siri ya kampuni. Hakuwa anajua.

Mambo yenyewe hayakuwa na siri. Yongliang na Wenjing walitengeneza kifaa cha kukaa mezani kwa mzee anayeishi peke yake. Walikiita Mjukuu. Kilizungumza na mzee, kilimkumbusha dawa, na mzee akinyamaza kupita kawaida kilimpigia mwanawe simu. Wenjing ndiye aliyekitia akili, na kwa muda mrefu alipambana na tabia moja ya mashine za aina hiyo: zikiulizwa jambo zisilolijua, hutunga. Bibi akiuliza kama ameshameza kidonge cha presha, Mjukuu wa mwanzo alimjibu kwa furaha kwamba ndiyo, ameshameza, na hongera sana. Wenjing aliikomesha tabia hiyo kidogo kidogo, mpaka Mjukuu akawa anasema, "Sina hakika, bibi. Tuangalie boksi pamoja."

Yongliang alishughulikia mwili. Mjini pale kuna viwanda vya plastiki vyenye kalibu za wote, yaani maumbo ya kumiminia plastiki yasiyo ya mteja mmoja. Kiwanda huchonga kalibu kwa gharama yake, kisha humuuzia ganda yeyote anayetaka, na kila mnunuzi hutia matumbo yake mwenyewe. Watu wengi wanakula kwa njia hiyo na hakuna anayeona haya. Kwa Bosi Geng, mwenye kiwanda kimoja cha namna hiyo, Yongliang alichagua ganda jeupe lenye umbo la yai, lililoinama kidogo kama mtu anayetega sikio. Hakufanya kosa lolote kulinunua.

Kosa alilifanya mbele ya majaji. Palikuwa na shindano la kampuni changa, na washindi walipewa chumba cha kufanyia kazi bure kwa miaka miwili. Yongliang alikihitaji chumba hicho, maana mwenye jengo lao alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba ghorofa yao inageuzwa uwanja wa badminton. Wenjing naye alikuwa na kazi inayomsubiri Hangzhou, na alishasema wazi kwamba wakikosa chumba, ataenda.

Katika mchujo wa kwanza, jaji mkuu, Mama Ning, mwalimu mstaafu wa uchoraji wa vifaa, alimshika Mjukuu kwa mikono miwili.

"Umbo hili lina huruma," alisema. "Nani amelichora?"

Yongliang angeweza kusema kwamba wamelinunua. Hakuna ambaye angemkatia hata alama moja kwa hilo.

"Mimi," alisema Yongliang. "Lilinichukua miezi saba."

Walipoingia kwenye lifti, Wenjing alimgeukia.

"Miezi saba?"

"Ilinitoka tu."

"Ungefikisha tisa basi. Wa saba ni njiti."

Mchujo wa mwisho ulifanyika kwenye ukumbi wa maonyesho, majaji wakipita banda kwa banda. Asubuhi hiyo banda lililokabiliana na lao lilichukuliwa na mwanamke mnene wa Chaozhou, Mama Zhan, ambaye kabla ya kufungua bidhaa alitandaza sinia lake la chai, akapanga vikombe vidogo kama vya wanasesere, akachemsha maji, akanywa. Ndipo akafungua maboksi. Alitoa yai jeupe lililoinama kidogo, akalichomeka kwenye umeme, nalo likawaka zambarau, taa ya kunasia mbu. Akatoa la pili, na la tatu, mpaka meza ikajaa.

"Bosi Dou," alisema Yongliang, "usigeuke."

Wenjing aligeuka.

"Mjukuu ana ndugu," alisema. "Familia kubwa."

Mama Zhan naye alikwisha kuona. "Kibosi," aliita kutoka ng'ambo, "na wewe ni mtu wa mbu?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa wazee."

"Unawaua vipi?"

Yongliang alitoka nje akampigia simu Bosi Geng. "Ulisema hakuna mwingine aliyelichukua ganda hili."

"Nilisema hakuna mwingine wa akili mnemba," alijibu Bosi Geng. "Hizo za huyo mama ni za mbu. Mbu ana akili?"

Yongliang akarudi kwa Mama Zhan na kumwomba afunike meza yake kwa shuka, kwa muda mfupi tu, majaji wapite.

"Nifunike biashara yangu kwa sababu wewe una aibu? Kaa unywe chai."

Hakukaa. Alikwenda banda la vijana wanaotengeneza mbwa wa bati wanaobweka wakiona mgeni, akaazima masikio ya kitambaa, akambandika Mjukuu kichwani.

"Haya yanasikia?" Wenjing aliuliza.

"Hapana."

"Sasa ya nini?"

"Watofautiane."

"Anafanana na mbu aliyezaa na sungura."

Majaji walifika muda mfupi baadaye, Mama Ning mbele, na mtu mmoja wa waandaaji nyuma yao. Mama Ning aliyaona masikio, akakunja uso. Kisha akageuka, akaona meza ya Mama Zhan ikiwaka zambarau kutoka pembe hadi pembe.

"Umbo hili umelitoa wapi?" alimuuliza mwenye meza.

"Nimenunua kwa Bosi Geng."

"Kila mwigaji hununua mahali." Akamgeukia mwandaaji. "Kijana huyu amekaa miezi saba akilichora. Kanuni zenu zinasemaje?"

Kanuni zilisema kwamba banda lenye bidhaa za kuiga hufungwa saa hiyohiyo, na mwenyewe haruhusiwi tena ukumbini. Mwandaaji alitoa utepe mfukoni, akaanza kuutafuta ulipoanzia kwa ukucha.

Mama Zhan hakubishana. Alimmiminia Yongliang chai, akaisogeza ukingoni mwa meza. "Inapoa, kibosi."

Watu wengi huamini kwamba uongo ni mpaka mtu afungue mdomo. Wa Yongliang ulikwisha kusemwa zamani, na siku hiyo haukumtaka aongeze neno. Ulimtaka anyamaze tu, na mwanamke aliyekuwa akiuza mashine zake za mbu bila kumdhuru mtu angefukuzwa kama mwizi, na chumba kingepatikana, na Wenjing asingekwenda Hangzhou. Alinyamaza. Inapasa isemwe kwamba alinyamaza, na si kwa kitambo kidogo. Mwandaaji aliupata mwanzo wa utepe, akaufunga kwenye mguu wa kwanza wa meza.

"Thibitisha tu, Bosi Shang," alisema Mama Ning. "Umbo ni lako au si lako?"

Mjukuu alikuwa amewashwa. Alifundishwa kumjibu mwanamke mzee anayeuliza swali, na swali alilisikia.

"Sina hakika, bibi," alisema. "Tuangalie boksi pamoja."

Jaji mmoja alicheka. Ingekuwa rahisi kucheka naye, mambo yakaisha hapo. Yongliang alimtazama Wenjing, aliyekuwa akitazama sakafu.

"Si langu," alisema Yongliang. "Ni kalibu ya wote. Mama huyu hajaniiga. Tumenunua mahali pamoja."

"Na miezi saba?"

"Nilidanganya."

Mama Ning aliyatoa masikio kwenye kichwa cha Mjukuu, moja, kisha la pili, akayaweka mezani. "Ungeniambia mara ya kwanza," alisema, "ningesema umechagua vizuri." Akaenda banda lililofuata, na wenzake wakamfuata. Mwandaaji akabaki kuufungua utepe, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko kuufunga.

Chumba walipewa wale wa mbwa wa bati. Walikuja kutangaza habari hiyo wenyewe, kwa sababu walikuwa wamefuata masikio yao.

Yongliang alivuka kwenda kwa Mama Zhan, akainywa ile chai, ambayo ilikuwa imepoa kabisa. Labda alitegemea neno la shukrani. Mama Zhan alikuwa akimwonyesha mteja jinsi ya kumwaga mbu waliokufa.

"Samahani, mama," alisema Yongliang.

"Hukunisaidia, kibosi. Uliacha kuniumiza tu. Weka kikombe hapo."

Aliweka kikombe. Aliporudi, Wenjing alikuwa akimfungasha Mjukuu kwenye sponji.

"Hangzhou wanakutaka lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

Alimsaidia kufunga maboksi. Walibeba mizigo yao kupita ukumbi mzima, mabanda yakiwaita kwa muziki, mbwa wa bati wakawabwekea mlangoni kama wageni. Nje palikuwa na jua kali. Wenjing alitua boksi lake chini.

"Sebule yangu ni ndogo," alisema. "Meza moja itaingia, mbili hazitaingia. Na shangazi yangu hulala hapo mchana, kwa hiyo utaongea kwa sauti ya chini."

"Na Hangzhou?"

"Nitawaambia ukweli. Nitawaambia siji." Alilinyanyua tena boksi lake. "Chakula ni zamu yako. Wiki nzima."

Kwa haki, siku hiyo ilikuwa zamu ya Wenjing. Yongliang hakulitaja jambo hilo. Aliuliza kama anataka tambi au wali.

"Tambi. Na ukichelewa, usiniambie foleni ilikuwa ya miezi saba."