Mitende ya Kokwa

Baba alikuja Maskati na sanduku moja alilokataa kulifungua na kitabu kimoja ambacho ami hakutaka kukiona. Ilikuwa 1964, tumetoka Unguja mikono mitupu. Ami, kaka yake baba aliyerudi Oman zamani, alitupa vyumba viwili shambani kwake Hail. Mama alimwomba baba alifungue lile sanduku. Akajibu kwamba mgeni hatandazi nguo zake.

Kitabu kilikuwa cha Mwingereza wa karne ya kumi na tisa, mtu wa kijijini aliyehesabu minyoo bustanini mwake na kubishana na wenzake kama viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi. Baba, aliyekuwa mwalimu wa sayansi, alikipendea ile minyoo. Ami alichosikia ni kwamba mtu katokana na nyani, basi. Akasema kitabu hicho hakilali nyumbani mwake. Basi kikalala ndani ya debe la biskuti, bandani kando ya kisima, na baba akawa anakwenda kukizuru kila alasiri kama mgonjwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilimchukia ami kwa hilo. Sijui kama nimemsamehe sawasawa.

Mwaka huohuo baba alikula tende za aina ya khalasi, akazifukia kokwa saba, kama tulivyofukia za embe kwetu. Ami alicheka mpaka akakaa chini. Mtende hupandwa kwa chipukizi la mama yake, alimwambia. Kokwa hutoa mtoto asiyefanana na mzazi. Lakini baba mbishi. Akaimwagilia miche yake miaka sita.

Ilipochanua, mitano ilikuwa madume yasiyozaa. Wa sita ulizaa tende za kukaba koo. Wa saba ulizaa tende ndefu, tamu, ambazo ami hakuzijua jina, naye hakuna tende asiyoijua. Akatafuna. Kisha akamwambia baba akalete lile debe lenye kitabu.

Baba alisoma hadi adhana ya adhuhuri, akimfasiria kwa Kiswahili. Ami alisikiliza yote.

"Mzungu wako kwa watu kapotea," alisema, "lakini kwa mitende nnamwamini. Kiingize ndani, ndugu yangu."

Siku ile baba alifungua sanduku. Suti zake za ualimu zilikuwa zimeliwa na nondo, na mama akalia. Baba aliinua koti moja kwenye mwanga, akalitazama tundu kwa tundu, kisha akamwita kaka yake aje awaone viwavi wa wale nondo.