Chungu cha Chini ya Kitanda

Mzee wetu wa kanisa amefariki. Habari ilinikuta Lyulilo sokoni, na waliokuja kuniita hawakulia; walisema tu, njoo uone. Wasomaji wangu wa Kyela na Ndandalo mnamjua. Ndiye aliyesimama kila Jumapili akiwataja Wakristo wanaotambikia mizimu kwa siri, na bwana misheni akamsadiki, kwa kuwa hakukosea hata mara moja. Leo najua kwa nini hakukosea.

Mnamkumbuka pia yule mama mfinyanzi wa Kikisi, kabila la wafinyanzi wa ziwani. Mzee alimshitaki kwamba huwafinyangia watu vyungu vidogo vya matambiko, visivyotosha hata mboga ya mtoto, naye akazuiwa meza ya Bwana. Masika matatu amesali nje, mlangoni, mvua ikimpiga mgongoni. Mimi, mwandishi wa baraza la kanisa, nilisimama nikasema anastahili adhabu hiyo.

Basi, tulipomwinua marehemu tulikuta chungu cha namna hiyo chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na maji ya unga ya kutambikia, yamekorogwa siku ile ile. Jamani, miguu ya mtu huyu ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita, na jirani aliyemnywesha uji anaapa hajawahi kuinama pale chini. Nimeuliza nyumba hadi nyumba, na mpaka sasa sijapata aliyeutia unga ule.

Wengine wakasema ni fitina ya adui zake, kwa hiyo tukamwita mama, maana mfinyanzi wa Kikisi huijua kazi yake kwa kupapasa tu. Akapitisha kidole gumba ukingoni. Ni kazi ya mikono yake, akasema. Mzee alikifuata mwenyewe, wiki ile ile aliyomshitaki. Tukamuuliza mbona alinyamaza. Akajibu kwa upole kwamba hakuna ambaye angemsadiki. Kisha akanigeukia mimi.

“Na chako, baba, kingali kizima?”

Ndugu zangu, kingali kizima. Nimekifukia nyuma ya ghala, na nilimpigia mama huyu kelele ili mtu asifikirie kuchimba kwangu. Naona aibu kuandika hivi. Sisi wepesi wa kufichua wenzetu tunajua pa kutazama kwa sababu tumeficha hapo hapo, na kila jina tulitajalo hutununulia Jumapili moja zaidi ya kuheshimiwa. Anayetaka kutaja kosa la jirani aanze na lake, kwa sauti; akishindwa, anyamaze. Jumapili hii nitaungama mbele ya wote, mama arudishwe mezani, kisha nitaomba watu wawili tukakifukue pamoja. Peke yangu siendi. Sijakigusa tangu mavuno, na naogopa kukikuta kimelowa maji ya unga.