Nilivyokwenda Biharamulo Kuutetea Mtaa wa Sokoni

Nilitoka nyumbani Keza kwa sababu ya barua ya mama mdogo. Anastazia, mdogo wa mama yangu, aliolewa Biharamulo, akafiwa na mume huko huko, na tangu hapo anajilisha kwa cherehani katika chumba cha duka Mtaa wa Sokoni. Aliandika kwamba wakazi wameitwa mkutanoni kuamua kama maduka ya mtaa huo yahamishiwe njia panda, nje ya mji, malori yanakosimama. Ya zamani yangebomolewa, na kila mwenye duka angejijengea jipya. "Mimi sina uwezo wa kujenga," aliandika. "Wakihama, kazi yangu imekwisha. Wewe ndiye msomi wetu. Njoo useme."

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nirudi kutoka Dar es Salaam na stashahada ya ujenzi, wa kwanza katika ukoo wetu, na sioni aibu kusema wa kwanza Keza nzima. Hakuna aliyenishika mkono. Nilichunga ng'ombe wa watu, nikabeba zege Mwanza, ndipo nikafika chuoni. Kwa hiyo neno "msomi" lilinikaa vizuri. Nikatia mkobani futi kamba, pima maji na timazi ya kupimia wima wa kuta, nikaaga.

Jumatano alfajiri niliendesha baiskeli hadi Rulenge, migomba ikidondosha umande pande zote mbili za njia. Saa tatu nikapata lori. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na lori hilo lilikuwa limepeleka chakula cha askari. Mlangoni lilikuwa na tundu la risasi, na dereva alikataa kabisa lizibwe. Kila abiria mpya alionyeshwa tundu kwanza, ndipo akaulizwa anakwenda wapi.

Lusahunga tulikunywa chai isiyo na sukari, tukala ndizi za kuchoma. Kutoka hapo ni msitu na vumbi jekundu.

Saa kumi jioni niliona boma la Wajerumani juu ya kilima, jeupe kama zamani. Lakini chini yake Mtaa wa Sokoni ulinisikitisha. Huko ndiko baba alikoninunulia shati langu la kwanza, watu wakipishana kwa mabega. Sasa safu zote mbili za maduka zilikuwa zimefungwa, majani yameota katikati ya barabara, na mbuzi amelala barazani kama mwenye nyumba. Nilibisha mlango wa mama mdogo mpaka vidole vikauma. Sauti yake ikatoka nyuma:

"Zunguka! Nani anabisha mbele siku hizi?"

Nikazunguka, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akicheka. Akanieleza kwamba wakati wa vita waliambiwa taa zisionekane barabarani, basi wakapigilia misumari milango ya mbele, wateja wakapitia uani. Vita vikaisha, lakini bidhaa zilikuwa chache, na kila mwenye duka aliogopa foleni ya kugombana. Milango ikabaki hivyo hivyo, kila mmoja akiwauzia kimya kimya anaowajua.

Alhamisi kutwa nzima nilipima. Nilipima misingi, nikaning'iniza timazi kwenye kila kona, mbele na nyuma. Misingi ni ya mawe, kuta zimesimama wima kabisa, na mabati mabovu ni ya nyumba tatu tu. Niliandika yote kwa mwandiko wa kiofisi na kuchora ramani ambayo mwalimu wangu wa chuoni angeitia ukutani.

Ijumaa saa nne watu walijaa katika ghala tupu la pamba. Ndugu Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alifungua kwa kusema kwamba ametembea mtaa mzima asione mlango hata mmoja ulio wazi. Mtaa umekufa, tuuzike, tujenge njia panda kwa mpango wa kisasa. Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, alimuunga mkono. Mbuzi wangu, alisema, analala barazani mwa maduka tangu asubuhi, na hajawahi kukanyagwa na mteja.

Watu wakacheka. Mzee Swalehe, muuza chumvi na mafuta ya taa, alijaribu kueleza jinsi baba yake alivyojenga duka lake kwa mawe ya kubeba kichwani, lakini vijana wakamwambia wakati umepita.

Ndipo nikasimama. Nilieleza misingi, kuta, mabati, kwa hesabu iliyonyooka. Nilimwona mama mdogo amekaa ameinua kidevu.

"Fundi Sanifu, tunakushukuru," alisema Mwenyekiti. "Kuta ni imara. Hata kaburi la saruji ni imara."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na aliyechekwa ni mimi. Mama mdogo akainamisha kichwa. Lakini mimi si mtu wa kukaa chini mara moja. Nilikumbuka kitu ambacho sikukiandika kwa sababu hakikuwa ukuta: nilipokuwa napima nyuma ya maduka, timazi yangu ilikuwa ikigusa ardhi ngumu kama sakafu. Huko hakuna jani hata moja. Kuna njia pana iliyokanyagwa ikang'aa.

Nikauliza nani humu amenunua chumvi, sabuni au uzi wiki hii, na wapi. Kila mtu aliangalia miguu yake.

Mwishowe Masanja alikohoa. "Mimi nilichukua chumvi kwa mzee Swalehe jana usiku. Lakini mimi ni rafiki yake, ananifungulia mimi tu."

"Wewe tu?" mwanamke mmoja aliuliza. "Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya choo, nakungoja utoke."

Hapo ndipo siri ilipovuja. Kila mmoja alikuwa ameamini kwamba ni yeye peke yake anayefunguliwa uani, kwa urafiki, na akafunga mdomo asije akapoteza nafasi yake. Wenye maduka nao walificha, wakiogopa foleni. Mji mzima ulinunua Mtaa wa Sokoni, na mji mzima uliapa kwamba mtaa umekufa.

Mwenyekiti alisema hayo ni mambo ya wachache. Mama mdogo akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona akisema mbele ya watu.

"Ndugu Mwenyekiti, samahani. Hilo shati ulilovaa, kola nimeigeuza mimi Jumatatu. Ulipitia uani."

Mwenyekiti aligusa kola yake. Akacheka kabla yetu. "Basi na mimi ni mteja wa marehemu," alisema.

Baada ya mabishano mengine walikubaliana mtaa ubaki, kwa sharti kwamba milango ya mbele ifunguliwe na mali iuzwe waziwazi, ikiisha imeisha. Mzee Swalehe alinung'unika juu ya foleni. Masanja akajitolea kuisimamia, maana amezoea ng'ombe.

Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya mji mzima. Watu walifyeka majani, nami niling'oa misumari ya mlango wa mama mdogo. Mbao zilikuwa zimevimba, nikazisukuma kwa bega. Tulipotoa cherehani barazani, mtu wa Nyakahura aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama na suruali iliyochanika.

"Sikujua kama hapa kuna fundi," alisema. "Napita kila mwezi."

Mama mdogo alimkaribisha kiti. Alikuwa mteja wake wa kwanza asiyemfahamu tangu vita.

Jumapili nilirudi Keza. Chuoni nilifundishwa kupima kuta, nami nazipima vizuri kuliko wengi. Biharamulo nilijifunza kuanza na njia za watu. Kijiji kiliponiomba nipange mahali pa duka letu la ushirika, niliacha futi kamba mkobani, nikafuata kwanza njia ya wanawake waendao kisimani. Duka sasa liko pale, mlango umeelekea njiani, na hata mgeni asiyemjua mtu Keza hulikuta liko wazi.