Kisima Kilichoingia Chumvi Mikononi mwa Asnath

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya miteremko ya Gonja. Asnath Mmbaga anapiga magoti kando ya chemchemi, anachota maji kwa kiganja, anayaonja, anatema. Anachota tena. Wanawake wenye ndoo wanamsubiri, na mmoja anacheka: "Bibi shamba, maji haya tunayanywa tangu tuzaliwe!"

"Najua, mama," anajibu bila kucheka. "Niacheni tu, ni woga wangu."

Woga huo una chanzo. Asnath, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, ni bibi shamba wa kijiji cha ujamaa hapa wilayani Pare. Miaka mitatu iliyopita, mwaka 1971, kanisa lilimpeleka Uswidi kujifunza kazi kwa miezi minane, katika shamba lililo kwenye kisiwa kidogo ambacho mtu hukizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana.

"Nilitegemea kuona matrekta," anasema. "Nikawakuta mzee na mkewe wanabeba mwani kwa toroli."

Wenyeji wake, Nils na Karin, hawakutia mbolea ya dukani. Udongo wao ulikuwa tabaka jembamba tu juu ya mwamba. Waliulisha mwani na samadi ya kondoo arobaini na wawili. Kisima kilikuwa kimoja. Siku ya kwanza Nils alimweka mbele ya pampu, akamwambia: dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, basi. Chini ya kisiwa, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta kwa pupa, bahari inapanda.

"Nilimsikia kwa masikio, si kwa moyo. Mtu wa milimani atajuaje habari za bahari inayokuja kwa chini?"

Julai mvua ikakosekana wiki tano. Karin akaugua, Nils akavuka naye bahari kwenda hospitali. Asnath akabaki peke yake, na viazi vikaanza kunyauka mbele ya macho yake. Akawaza: watasema mgeni kaachiwa shamba, likamfia. Akawasha pampu asubuhi avinyweshe, na hakuizima hadi saa sita mchana. Siku ya pili, vivyo hivyo. Viazi vikasimama. "Nilijisifu. Hata nikaimba."

Siku ya tatu kondoo walinusa birika lao la kunywea, wakarudi nyuma. Akaonja. Chumvi.



Akazima pampu, akaviacha viazi vife. Maji ya kondoo akawa anayasukuma kwa toroli kutoka kwa jirani, safari saba kwa siku, hadi viganja vikachubuka. Nils aliporudi, Asnath alimngoja gatini, asije akaambiwa na mwingine.

"Nimeharibu kisima chako, mzee."

Nils hakumgombeza. Aliketi juu ya sanduku, kofia mkononi. "Kisha akasema, 'Baba yangu naye alikiharibu. Kilichukua miaka miwili.'"

Asnath aliondoka Novemba maji yakiwa bado na chumvi. Mwaka jana Karin aliandika kwamba kondoo sasa wanakunywa. Watu, bado.

Ndiyo maana mwezi uliopita, Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Eliamini, alipotaka kichaka kilicho juu ya chemchemi kifyekwe zilimwe ekari nne za mahindi, Asnath alisimama mkutanoni akakataa. Kichaka ndicho kinachotunza maji ya chemchemi, na kaya sitini na tatu huchota hapo.

"Watu wana njaa, bibi shamba," Eliamini alimwambia. "Watakula majani ya kichaka?"

"Ikikauka chemchemi hii, mwenyekiti, watakunywa nini?"

Ijumaa iliyopita kamati ya kijiji iliamua: kichaka kibaki, lakini Asnath atafute ekari nyingine nne na zipandwe vuli hii. Amezipata chini ya ndiva ya zamani, bwawa walilojenga mababu kukusanyia maji ya mfereji. Ukuta wake umebomoka. Watu thelathini waliahidi kuja kuujenga. Siku ya kwanza walifika kumi na mmoja. Mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa Mkomazi.

"Silali vizuri," anamwambia mwandishi wa habari hii, sasa akiwa kando ya ukuta huo. "Kule niliharibu kisima cha mzee mmoja. Hapa nikikosea, watakaolala njaa ni watoto wa shangazi zangu."

Jana Eliamini alifika hapa na sururu yake begani, na leo yupo tena. Hajabadili mawazo, alisema. Amekuja kwa sababu kamati imeamua.

Asnath anatumaini kwamba Februari kijiji kitavuna mahindi yaliyonyweshwa kwa zamu kutoka ndiva, na kichaka kikiwa bado kimesimama. Baada ya hapo angependa kufufua ndiva nyingine mbili.

"Mungu akijalia," anaongeza.

"Bibi shamba!" Eliamini anaita kutoka ukutani. "Maneno baadaye. Mawe!"

Asnath anajifunga khanga kiunoni, anakwenda.