Vyungu vya Mama na Msomaji wa Kwanza

Mama yangu ni mfinyanzi. Anakaa Vihingo, upande wa Kisarawe, na mimi napanga chumba Kibaha kwa sababu ya kazi. Niko kwenye kiwanda kimoja cha mifuko kule Zegereni, nakagua mifuko iliyochanika kabla haijafungwa. Siku za mapumziko huenda kwa mama. Mwaka ule alipoanza kulalamika kwamba vidole vinamuuma, nikaona niandike anavyofanya kazi yake, maana katika watoto wake hakuna aliyejifunza. Nikafungua blogu.

Niliandika kurasa kumi na moja kwa miezi kadhaa, kila ukurasa na picha zake. Nilimwonyesha mama kwenye simu. Alitazama picha, akauliza, "Na huku nani anaona?"

"Yeyote anayetafuta habari za vyungu, mama."

"Haya, tafuta basi tuone."

Nikatafuta mbele yake. Nikaandika namna ya kufinyanga chungu, nikaandika mpaka jina la Vihingo. Vilikuja vyungu vya plastiki vya kupandia maua na matangazo ya viwanja. Blogu yangu haikuwemo. Mama alirudi kwenye udongo wake. Mimi ndiye niliyeona aibu.

Kazini kuna dada mmoja wa ofisini anayesimamia tovuti ya kiwanda. Nilimfuata wakati wa chakula cha mchana, nikamweleza kwamba nikiandika anwani ya blogu herufi kwa herufi inafunguka, lakini nikitafuta jambo lenyewe haionekani. Aliomba simu yangu, akaingia kwenye mipangilio, akanionyesha kisanduku kidogo chenye tiki.

"Hiki ulikiweka wewe?"

Nilikiweka mimi. Siku ya kufungua blogu niliulizwa kama nataka kuzuia mitambo ya utafutaji isiorodheshe kurasa zangu, nikadhani ni kinga dhidi ya wezi wa picha. Nikakubali haraka, nikajiona mjanja.

"Umefunga mlango halafu unalalamika hawaji wageni," alisema, bila kucheka. Akaiondoa ile tiki. Kisha akanifundisha kuthibitisha kwamba blogu ni yangu, kwa kunakili mstari mrefu wa herufi na namba na kuubandika mahali alipoelekeza, na kuwasilisha orodha ya kurasa zote ili mtambo ujue pa kupita.

"Sasa?"

"Sasa unangoja. Mtambo hauna haraka na wewe."

Nilingoja. Nilikuwa nikitafuta kila siku, mkono mmoja umeshika kijiko. Wiki ya tatu zikaonekana kurasa mbili, lakini chini kabisa ya matokeo, ambako hakuna mtu anayefika. Yule dada akasoma vichwa vya habari nilivyoweka. Kimoja kilikuwa "Asubuhi ya Ukungu", kingine "Mikono Iliyozoea".

"Vizuri," alisema. "Lakini mtu ambaye chungu chake kimevuja ataandika mikono iliyozoea? Kamuulize mama yako watu huwa wanamuuliza nini."

Nikaenda kumuuliza. Mama alijibu bila kufikiri sana: wanauliza kwa nini chungu kipya kinavuja, wanauliza udongo mzuri unautambuaje, wanauliza kikae siku ngapi kabla ya kuchomwa. Nikabadilisha vichwa vyote vikawa maswali yale yale, kwa maneno yale yale. Iliniuma kidogo, nilivipenda vile vya mwanzo. Lakini haukupita mwezi, nikiuliza kuhusu kuanika vyungu, ukurasa wangu ulikuwa wa pili kutoka juu. Nilimpigia mama simu hapo hapo kiwandani. "Umefanya vizuri," alisema, akaniuliza kama nimekula.

Ujumbe wa kwanza kutoka kwa msomaji niliupata muda mfupi baadaye. Aliuandika mwanamke wa upande wa Mlandizi. Alisema familia yao ilihama kutoka kaskazini na ng'ombe wao, na walipokuwa wanachimba lambo la kunyweshea mifugo walikuta udongo mweusi unaonata. Akauliza kwenye simu udongo ule unafaa nini, simu ikamleta kwangu. "Dada, nimefuata kila ulichoandika. Nimefinyanga vinne. Vyote vimepasuka kabla sijavichoma. Naomba uniambie nimekosea wapi."

Nilimsomea mama ujumbe ule kwa simu. Akaniambia nimsomee na ukurasa wenyewe. Nilipofika pale nilipoandika kwamba chungu kianikwe juani siku nzima, akanikatiza.

"Nani kakwambia juani?"

"Niliona mwenyewe, mama. Vilikuwa uani, juani."

"Uliona siku ya mwisho. Vilishakaa ndani juma zima, kivulini, vimefunikwa gunia. Wewe umekuja Jumamosi ukakuta vimetoka."

Muda wote blogu ilipokuwa haionekani, kosa lile halikumdhuru mtu.

Nilisahihisha siku ile ile na nikamwandikia yule mwanamke kumwomba radhi. Lakini nilipotafuta tena, matokeo yalikuwa bado yanaonyesha sentensi yangu ya zamani: anika juani siku nzima. Yule dada wa ofisini alinieleza kwamba mtambo hukumbuka ulichosoma mara ya mwisho, mpaka urudi kusoma upya. Nikauomba urudi, kuna kitufe chake. Siku zile nilizokuwa nangoja zilinikera kuliko zile za mwanzo. Nilimfikiria mtu mwingine mahali fulani anatoa chungu kibichi juani kwa sababu yangu. Siku ya sita ile sentensi ikabadilika.

Yule mwanamke hakukasirika. Aliomba kuja kumwona mama, tukapatana Jumapili. Alifika Vihingo na ndoo yenye udongo wa lambo, imefunikwa kitambaa kibichi. Alimwamkia mama kwa kupiga goti, mama akaitikia marahaba, macho yakiwa tayari kwenye ndoo. Mama alimega udongo kidogo, akauviringisha mpaka ukawa kama kamba, akauzungusha kwenye kidole.

"Udongo wako una nguvu kuliko wangu," alimwambia. "Unataka mchanga mwingi zaidi, na subira. Huyu mwanangu alikuharakisha."

"Alinifikisha kwako, mama," yule mwanamke alisema.

Wakakaa kwenye mkeka mpaka alasiri. Mimi niliandika, na safari hii sikuandika nilichoona tu. Kila hatua nilimuuliza mama nini kilitangulia na nini kinafuata, na kabla sijaweka chochote mtandaoni nilimsomea chote kwa sauti. Alinisahihisha mara tano. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Baada ya majuma kadhaa ilikuja picha kutoka Mlandizi: chungu kimoja kizima, kimeinama kidogo upande mmoja, kiko jikoni na mfuniko wake. Mama aliniambia niikuze picha.

"Kitako kinene," alisema. "Mwambie kinachofuata apunguze."

Nikamwandikia hivyo.