Siku Wanangu Walipokuja Kupunguza Ng'ombe

Nilianguka mara mbili mwezi ule, lakini watoto walijua moja tu. Ya kwanza nilianguka bondeni, kwenye utelezi karibu na mto, mzigo wa nyasi za nepia mgongoni, na aliyeniona ni punda wa jirani peke yake, ambaye si wa maneno mengi. Ya pili nilianguka Witeithie, mbele ya geti la zile ghorofa za kupangisha, saa ya watu kwenda kazini. Wapangaji wanne waliniinua. Niliwahesabu nikiwa chini, nikarudia nikiwa nimesimama. Mmoja wao hununua maziwa kwangu na ana namba ya simu ya binti yangu. Jumapili hiyo wanangu wote wakaja.

Watoto hawa sina budi kuwaeleza, kwa sababu huku kwetu mtoto haji peke yake. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya mume, wa pili la baba ya mke. Wasichana ni hivyo hivyo, mama ya mume akitangulia. Mimi nilizaa wavulana wawili na wasichana wawili, nikajaza nafasi zote nne bila kubakisha. Kwa hivyo kijana wangu wa pili namwita "baba", kitinda mimba wa kike namwita "maitu", yaani mama, na huyu binti mkubwa anayekaa Kamakis, anayevaa raba nyeupe hata akija shambani, ni mama mkwe wangu kabisa. Nikigombana na watoto nimegombana na wazee wa pande zote mbili.

Wakaketi sebuleni. Baba yao akavuta kiti karibu na mlango, pale anapokaa mtu asiyetaka kuulizwa kitu.

"Mum, tumeongea," akaanza kijana mkubwa.

"Mmeongea wapi? Mimi sikuwa."

"Kwa grupu."

"Grupu gani?"

Wakatazamana. Kumbe kuna grupu ya familia kwenye simu, na mimi niliyeizaa hiyo familia simo.

"Ng'ombe wauzwe," akasema wa pili. "Wote watatu."

"Baba, ng'ombe ndio walikupeleka shule."

"Si hawa, mum. Hawa hawajanipeleka hata kwa kona."

Hapo alinishika. Wale waliomsomesha walishakuwa nyama zamani.

Niliolewa katika boma hili nikiwa msichana. Siku ya pili, saa kumi na moja alfajiri, mama mkwe aligonga mlango, akanipa panga na kamba, akanionyesha ng'ombe kwa kidevu. Tangu hapo, asubuhi ilikuwa ni kukamua na kupeleka maziwa, mchana kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Ruiru, jioni kukata nyasi. Kuhesabu mara mbili nilijifunzia kwenye hiyo kahawa, maana karani wetu alikuwa na macho ya ajabu: mimi nikileta debe sita, yeye huona tano. Mume wangu alichonga mawe machimboni. Yale yaliyovunjika pembe, yaliyokataliwa na wanunuzi, aliruhusiwa kuyabeba, na ndiyo yaliyojenga nyumba yetu. Fundi mmoja alipoipima aliniuliza kama tuliijenga gizani. Nikamwambia tuliijenga kwa mawe ya bure, na bure haina kona.

Sasa watu wakitaka kuuza ng'ombe wangu hudhani nalilia maziwa. Mimi nilikuwa naogopa asubuhi. Miaka yote hiyo sijaamka hata siku moja pasipo mtu wa kuningoja zizini akilalamika. Zizi likinyamaza, nitaamka niende wapi? Lakini hilo huwezi kulisema mbele ya watu unaopatana nao bei. Nikafanya kama ninavyofanya sokoni Thika: nikaanzia juu.

"Watatu wabaki, nitafute kijana wa kukata nyasi."

"Hakuna ng'ombe, mum," akasema wa pili.

"Wawili, basi."

"Hakuna."

"Wawili, na mmoja ni mdogo."

"Mdogo ni ng'ombe, mum!"

"Mmoja," akasema kitinda mimba, ambaye tangu zamani ndiye dhaifu wao.

"Yupi?" nikauliza upesi.

Akajibu kabla wenzake hawajamkanyaga mguu. "Yule mweusi."

"Haiya!" Kijana mkubwa akaruka. "Mweusi si ana mimba?"

"Mimba si ng'ombe," nikasema.

"Baada ya miezi miwili itakuwa nini?"

"Utakuja uhesabu baada ya miezi miwili."

Pale mlangoni baba yao akaanza kukohoa, kikohozi chake cha kuficha kicheko. Nikaona nimebakisha hatua moja niwashinde. Ndipo binti mkubwa akavua zile raba nyeupe, akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yangu. Akaushika mkono wangu uliovimba tangu nilipoanguka.

"Mum," akasema, "umefanya kazi ya kutosha. Hakuna mtu anakudai jasho hapa."

Mama mkwe wangu hakuwa mbaya. Kazi aligawa yeye, shukrani aliachia kanisa. Alizikwa kabla sijasikia maneno kama hayo kinywani mwake, na mimi nilikuwa nimeyangoja, sikatai, kila mwaka nikidhani ni mwaka huu. Na sasa mwenye jina lake amekaa kwenye simiti yangu, soksi zikichafuka, anayasema kama mtu anayeomba maji. Niliangalia kalenda ukutani kwa muda, ingawa tarehe nilikuwa naijua.

"Sawa," nikasema. "Mweusi abaki, wawili waende. Na mimi muniweke kwa grupu."

"Hiyo haikuwa kwa mapatano!" akasema wa pili.

"Hiyo ni nyongeza, baba. Hata nyanya huwa zina nyongeza."

Ng'ombe wawili walichukuliwa Alhamisi na mkulima wa upande wa Gatundu, mtu mwenye nyasi nzuri. Nilikwenda kuzikagua mwenyewe. Ijumaa niliamka saa ile ile. Mweusi alikuwa akinisubiri, analalamika kwa niaba ya wote watatu. Kabla ya saa moja kazi ilikuwa imekwisha. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango, mikono mapajani, sijui niipeleke wapi. Baba yao akaniletea chai. Nikaipiga funda kama nilivyozoea, nikaunguza ulimi. Miaka yote chai yangu ilikuwa ikiningoja mezani hadi ipoe. Sikujua kwamba chai ya nyumba hii huwa moto hivyo, wala kwamba ni tamu hivyo.

Simu ikalia. Ni grupu. Binti mkubwa anauliza naonaje maisha na ng'ombe mmoja.

Nikaandika polepole kwa kidole kimoja: "Ni ngumu. Mlinionea."

Mtu akijua umefurahia bei, kesho atakuja kuiteremsha tena. Nikaweka simu kando, nikampa baba yao kikombe aniongezee.