Korongo Aliyekuja Salongo

Nkambo wangu, mama wa baba, ananiita bwana yake. Kwetu njo vile: mjukuu wa kiume ni bwana wa nkambo wake, ana ruhusa ya kumtania mpaka wageni waone haya, na nkambo ana ruhusa ya kumpiga bwana wake kwa mwiko. Sisi wawili ruhusa zetu tunazitumia zote. Asubuhi nikienda masomo namwambia, "Muke yangu, uzuri wako umekwisha, leo ninaleta wa pili." Ananijibu, "Mulete, bwana yangu. Lakini kwanza jifunze kupangusa makamasi."

Kwa hiyo nikiandika hapa kwamba mwaka jana alikaribia kunyang'anywa shamba lake kwa sababu ya ndege, musifikiri ninamcheka. Ninamcheka kila siku, lakini si kwa hilo.

Nkambo alizaliwa kule juu Marungu, karibu na Pepa, mahali ng'ombe wana akili kuliko nusu ya darasa letu. Anasema kule, mvua ikianza, korongo wanashuka kwa makundi na kutembea nyuma ya ng'ombe wakiokota panzi, na hakuna mama anayetia mbegu chini kabla hawajafika. Mvua, anasema, ni muongo: inanyesha leo, kesho inatoroka, mbegu zinaoza na wewe unabaki na jembe mkononi. Korongo hatoki mbali hivyo kwa ajili ya mchezo.

Shida ni kwamba hapa Kalemie korongo ni wa kutafuta. Watu wengine miaka inapita hawajamuona hata mmoja. Akija anakuja peke yake, kama msafiri aliyeachwa na meli ya Moba. Lakini Nkambo kila mwaka alimpata wa kwake, na alipomuona tu, alipanda karanga. Majirani walimcheka mwezi wa kumi, halafu wakati wa mavuno walikuja na sahani.

Mwaka jana mambo mawili yalikutana. Mvua iliwahi, watu wote wakapanda. Na macho ya Nkambo yalikuwa yameingia ukungu: sura yangu aliiona, bahati mbaya yake, lakini ndege wa mbali kwake alikuwa hewa tu. Basi mbegu zikabaki ndani ya kibuyu juu ya moshi wa jiko, na shamba lake, chini ya reli karibu na mto Lukuga, likaota majani mpaka mbuzi wakawa wanapotea humo.

Shefu wa mtaa akaja kwetu, koti lake la abakosti, lile la wakubwa wa serikali, limefungwa vifungo mpaka kooni, jasho linamtiririka.

"Mama," akasema, "shamba haliwezi kulala bure. Watu wanaomba ardhi. Jumamosi tukimaliza kazi ya salongo nitapita pale. Nikikuta majani, ninalipatia muntu mwengine."

"Korongo hajafika, Papa shefu," Nkambo akamjibu.

"Mama, mimi sipokei amri za ndege."

Papa yangu, anayefanya kazi bandarini, hana uoga wa kreni wala wa ziwa likichafuka. Anaogopa watu wawili tu: shefu na mama yake. Siku hiyo walikuwa wote uani kwake. Akanivuta nyuma ya nyumba.

"Wewe unadanganya walimu," akaninong'oneza. "Unadanganya mapadri. Mimi mwenyewe unanidanganya. Sasa fanya kazi yenye faida. Mwambie mama umeona korongo."

Mzazi kukutuma kusema uongo! Niliona dunia imetengenezeka. Nikaenda mtoni, nikarudi mbio, nikihema kwa ufundi.

"Muke yangu! Korongo! Ng'ambo ya Lukuga!"

Nkambo akaacha kuchagua maharagi. "Miguu?"

"Miwili."

"Rangi, mjinga."

Sikuwa nimejiandaa kwa mtihani. "Ya manjano."

"Anafanya nini?"

"Anaogelea."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. "Bwana yangu, umemuona bata wa masista." Halafu kicheko kikakatika. Akapangusa macho na ncha ya kitenge. "Sikia. Mbegu hizi alinipa mama yangu, na yeye alipewa na mama yake. Kila mwaka tunakula zingine na zingine zinarudi ndani ya kibuyu. Nikizitupa kwa mvua ya uongo, zimekwisha. Hata soko lote la Nyunzu halina zingine. Na shamba likienda, nitazipanda wapi? Kichwani mwako? Huko hakuoti kitu."

Nikakaa chini, nikamalizia kuchagua maharagi yake.

Toka siku hiyo, masomo yakiisha, nilipita kila kichaka cha Lukuga. Niliona yangeyange. Niliona mwewe. Niliona kitu kirefu cheupe kikivuka tope kwa hatua kubwa, nikakikimbilia, kumbe ni padri ameinua kanzu. Korongo hakuna.

Jumamosi ikafika, na salongo yake. Yaani ile kazi ya wote, ambayo ukikosa utaeleza kwa nini huipendi nchi. Tulipewa kukata majani pembeni ya reli, juu kidogo tu ya shamba la Nkambo. Wamama walikata, sisi vijana tulipiga domo na mapanga mkononi, na shefu alitembea nyuma ya mstari, mikono mgongoni, akikagua.

Mara nikasikia rafiki yangu, tunayekaa naye benchi moja, anasema taratibu, "Eh. Mashefu wamekuwa wawili."

Nikageuka. Nyuma ya shefu alitembea korongo. Mrefu, mweupe, mabawa meusi yamefungwa mgongoni kama na yeye ameweka mikono nyuma. Kila panga likishuka panzi waliruka, na yeye aliokota, hatua, aliokota, hatua. Shefu akaona tunaangalia nyuma yake. Akageuka. Wakaangaliana. Mstari mzima ukaanguka kwa kicheko.

Mguuni ndege alivaa pete ya chuma.

"Njo nini pa muguu?" shefu akauliza, kwa sauti yake ya ofisini.

"Kadi ya chama, situayeni," rafiki yangu akajibu, kama raia mwema anavyomjibu mkubwa.

Mzaha mzuri kama huo, na mimi sikuongeza hata neno. Nilitupa panga, nikakimbia.

Nkambo alikuwa mlangoni. Nikasimama mbele yake, kifua kinapanda na kushuka, mdomo wazi, maneno hakuna.

"Bwana yangu, mbona umenyamaza?"

Nikanyoosha kidole upande wa reli.

Akaniangalia sana. Halafu akauliza polepole, "Miguu?"

"Myekundu."

Wazee hawaitwi salongo, lakini siku hiyo alikwenda. Nkambo alichukua panga, akashusha kibuyu toka juu ya jiko, akanipatia nibebe.

Tulipofika, makelele yalikuwa yamemfukuza ndege mbali kidogo. Nilimuonyesha kwa kidole. Nkambo akatikisa kichwa. "Sioni. Naona nyeupe. Hata mawingu ni meupe." Akawaambia watu, "Mukae kimya." Kisha akainama, akaanza kukata majani, taratibu, akisogea kama ng'ombe anavyokula. Panzi wakaruka. Korongo akainua shingo. Akaja. Hakuna aliyekohoa. Shefu mwenyewe alisimama kama nguzo ya simu. Ndege akakaribia mpaka akawa anaokota mbele ya vidole vya Nkambo kabisa, kama kuku wa nyumbani.

Nkambo akamtazama muda mrefu.

"Amekonda," akasema. "Njia ilikuwa ndefu. Na hii bangili, nani alimufunga?"

Nikamueleza alivyotuambia mwalimu wa jografia, kwamba ndege hawa wanatoka Ulaya, wazungu wanawavalisha chuma wajue wanakwenda wapi.

"Ulaya!" Akafikiri. "Sawa. Lakini alipita Pepa kwanza, kusalimia."

Kisha akamgeukia shefu. "Papa shefu, ulitaka kupita shambani kwangu salongo ikiisha. Imeisha?"

"Bado, Mama."

"Majani ya reli na majani ya shamba langu yameshikana. Unaona wewe mpaka wao?"

Shefu aliangalia majani. Aliangalia watu, ambao meno yote yalikuwa nje. Akamuangalia korongo, aliyekuwa ameshatangulia shambani.

"Mukate na huko," akasema.

Jua halijafika kichwani, shamba lilikuwa wazi. Papa alikuwa ameshapata habari; akafika mbio toka bandarini, amepitia jembe nyumbani, akatazama yule ndege, akanitazama mimi, akanong'ona, "Huyu umemtoa wapi?" Wao wawili wakachimba, mimi nikafuata na kibuyu.

"Mbegu mbili kwa shimo," Nkambo akanikaripia, "unataka kunimalizia?" Na kila baada ya hatua chache, bila kuinua mgongo, "Yuko?"

"Yuko."

"Yuko?"

"Yuko, muke yangu. Anakula."

Kibuyu kilikuwa kimebaki nusu ndege alipofungua mabawa. Akazunguka juu ya Lukuga, akashika njia ya ziwa, akapotea. Nkambo alikuwa bado ameinama.

"Yuko?"

Nikamuangalia mgongo wake, na mistari iliyobaki.

"Yuko."

"Miguu?"

"Myekundu."

"Muongo," akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka. "Endelea kupanda."